Kuku Asivuke Feri: Vidokezo kwa Wafugaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Januari 2017, ndege wa porini walianza kufa ufuoni mwa Ziwa Viktoria, karibu na Entebbe. Punde bata na kuku wa Masaka nao wakapatikana na ugonjwa, na Uganda ikatangaza homa ya ndege, aina ya H5N8. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Marufuku ya mpakani haitusumbui sana sisi watu wa Pwani. Itakayotubana ni ile ya mtaani, Mtongwe au Mishomoroni, kwa sababu sisi kuku hatumfugi tu, twatembea naye. Huvuka feri kwenda harusini, hupanda matatu kwenda kwa shangazi Kwale, hufungwa miguu akaletwa Kongowea alfajiri. Amri ikitoka, kinachotakiwa kusimama ni safari hizo.

1. Usikimbilie kuuza. Naliweka hili mbele kwa kuwa ndilo linaloumiza mtaa mzima. Kuku wakianza kufa, wengi husema ni kideri tu, kisha huwapeleka sokoni waliobaki kabla hawajafa. Mwenyewe huokoa shilingi chache, na kufikia jioni ugonjwa umeshaingia mabanda mengine kumi. Ukiona wanakufa ghafla na kwa wingi, vichwa vimevimba, upanga umegeuka zambarau au mayai yamekatika, funga banda na umpigie afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako. Huna namba yake? Nenda kwa chifu. Kwa macho, homa ya ndege na kideri hazitofautishiki. Maabara ndiyo huamua. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mfugo kutoa taarifa, kwa hiyo kunyamaza si hiari yako.

2. Chanja kideri mapema. Chanjo hiyo haizuii homa ya ndege, lakini kuku waliochanjwa vizuri wakianza kuanguka, utajua upesi kwamba jambo si la kawaida.

3. Maji hayakukingi. Uingereza, banda moja likithibitishwa, huchorwa duara la kilomita 3 la masharti makali na jingine la kilomita 10 la uangalizi. Kwetu, Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza eneo lililoambukizwa. Lakini hebu chora duara hilo la kilomita 3 kutoka kivukoni Likoni: linaingia kisiwani moja kwa moja. La kilomita 10 kutoka Changamwe linafika Likoni na Kisauni zote mbili. Usiseme “hayo ni ya ng'ambo”. Uliza mpaka umefika wapi, na kama unahitaji kibali kabla hujasafirisha hata kifaranga mmoja.

4. Fungia wote, ukianza na bata. Bata anaweza kubeba virusi akiwa mzima kabisa, na bata wetu hushuka kwenye tope la mikoko ya Port Reitz na Tudor, mahali wanapotua ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia kuanzia Septemba hadi Aprili. Njiwa nao wabaki ndani, ingawa najua wapenzi wa njiwa itawauma. Kisha kuna kunguru. India, mwaka 2021, kunguru walikufa kwa homa hii katika majimbo kadhaa, na hapa hakuna paa wasilotua. Funika chakula na maji, weka wavu wenye matundu madogo.

5. Weka ndapa za banda peke yake. Zisitoke nje, na za nje zisiingie. Mchuuzi na matenga yake mkutane barabarani. Trei za mayai za kuazimana zisimame kwa muda, na mbolea ya kuku isipelekwe kwenye shamba la mtu.

6. Sherehe zisikwame. Mwambie shangazi kwa upole kwamba jogoo hatakuja mwaka huu, umtumie pesa kwa simu anunue mbuzi. Atakuelewa, maana naye ana banda.

7. Usiache kula kuku. Mwaka 2006 wafugaji wa Kenya walipata hasara kwa hofu tu. Nyama ikiiva hadi ndani, kwa nyuzi 70 na zaidi, virusi hufa. Mayai nayo yaive mpaka kiini kigande. Usichinje wala kula kuku mgonjwa au aliyejifia.

8. Mzoga usiuguse kwa mkono mtupu. Usiutupe jaani wala majini, kunguru watausambaza. Ufunike, uzuie watoto na paka, usubiri maelekezo ya afisa. Hong Kong, mwaka 1997, watu 18 waliugua homa ya ndege aina ya H5N1 na 6 wakafa, kwa hiyo jilinde: glavu, barakoa, sabuni. Ukipata homa, kikohozi au macho mekundu siku chache baada ya kuku kufa, mweleze daktari habari za kuku kabla hajakuuliza.

9. Andika idadi ya ndege wako leo, wa kienyeji na wa nyama mbali mbali, na uwapige picha. Afisa akija, hilo ndilo swali lake la kwanza, na ukitaka kudai fidia utahitaji ushahidi.