Sema Mapema: Kwa Mchangia Damu Anayeogopa Kuzimia

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wakazi wa kata ya Mkolani, wilayani Nyamagana, na hasa kwa yule ambaye angependa kuchangia damu ila anahofia kuanguka mbele za watu. Hofu hiyo tunaikuta kwa wanafunzi, kwa akina mama, na hata kwa wanaume wenye vifua vipana wanaobeba mizigo kutwa. Wengi wao wangechangia bila shida kama wangeelezwa mapema mambo machache.

Damu haina kiwanda. Inayotolewa leo hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha hupelekwa wodini: kwa mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua, mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, au kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Shinyanga. Kanda ya Ziwa pia ina wagonjwa wengi wa selimundu, yaani sikoseli, na baadhi yao huongezewa damu tena na tena.

Kwa nini mtu huona giza?

Watu wengi hudhani aliyezimia ametolewa damu kupita kiasi. Sivyo. Kinachochukuliwa ni mililita 450 hivi, pungufu kidogo ya nusu lita. Mtu wa kilo 50 ana karibu lita tatu na nusu za damu mwilini, na ndiyo sababu hatuwapokei wenye uzito chini ya hapo. Wapo wanaozimia kabla sindano haijawagusa, kwa kuiona tu, au kwa kuona damu ya mwenzao ikishuka kwenye mrija.

Sababu kubwa iko kwenye mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kwenye ubongo na kufika moyoni. Hofu, maumivu, joto, njaa au uchovu vinaweza kuushtua. Ukishtuka, mapigo ya moyo hupungua, na wakati huohuo mishipa ya damu hutanuka, hasa ya miguuni. Damu inabaki chini, presha inashuka, na ubongo unakosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Mtu akishalazwa, damu hurudi kichwani na fahamu humrejea, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Wanaopoteza fahamu kabisa ni wachache, kwa kawaida hawafiki mmoja katika kila wachangiaji mia. Walio karibu zaidi na hatari hiyo ni vijana, wenye uzito mdogo na wanaochangia kwa mara ya kwanza.

Kabla hujatoka nyumbani

Kula. Usije na chai ya rangi tupu tumboni. Ugali na dagaa, uji mzito, au michembe na karanga vinafaa sana. Chakula chenye chumvi kidogo husaidia mwili kushikilia maji. Kisha, nusu saa kabla ya kuchangia, kunywa maji ya kutosha, kama nusu lita. Jambo hili linaonekana dogo mno, lakini husaidia presha isishuke ghafla. Aliyefunga asubiri siku nyingine.

Lala usiku uliotangulia. Ndugu zetu wavuvi wa dagaa, ambao hukesha ziwani na taa usiku wa giza, wasije moja kwa moja kutoka mwaloni asubuhi. Nendeni mkapumzike kwanza.

Ukiwa kitini

Mwambie muuguzi: "Dada, hii ni mara yangu ya kwanza," au, "Niliwahi kuzimia." Atakulaza badala ya kukukalisha na hatakuacha peke yako. Usiangalie sindano kama inakutisha. Zungumza na jirani, uliza habari za nyumbani kwao.

Kisha kaza misuli. Njia hii iliendelezwa nchini Sweden katika miaka ya 1980 na mwanasaikolojia Lars-Göran Öst, kwa watu wanaozimia wakiona damu, na baadaye ikaanza kutumiwa na wachangia damu. Pishanisha miguu, kaza mapaja, makalio na tumbo, hesabu hadi tano, legeza kidogo, kisha rudia. Misuli iliyokazwa huisukuma damu iliyotuama miguuni irudi juu. Mkono wenye sindano usiukaze. Uache umelegea, isipokuwa muuguzi akuambie kufumba na kufumbua kiganja. Usibane pumzi.

Dalili huja kabla ya kuanguka, na hapo ndipo tunapokuomba usinyamaze. Kupiga miayo bila usingizi, jasho la baridi, kichefuchefu, masikio kuvuma, macho kuingiwa na ukungu, midomo kukauka: ukihisi mojawapo, sema. Anayekaa kimya kwa kuona haya anaweza kuanguka, akagonga kichwa na kuumia. Muuguzi hatakudharau. Atachomoa sindano, atakulaza na kukuinua miguu. Damu ambayo haikujaa chupa si kitu mbele ya usalama wako.

Hatari zaidi ni wakati wa kuinuka. Kaa kwanza ukiwa umening'iniza miguu, halafu simama taratibu. Baki eneo la mapumziko dakika 15, unywe soda au juisi na kula ulichopewa. Tunawaona wengi wakikimbilia daladala ya Nyegezi kabla hata ya kumaliza biskuti, na wengine huanguka kituoni.

Kwa anayeshuhudia

Mlaze chali mwenzako palepale, miguu ikiwa juu kuliko kichwa, mlegezee nguo shingoni, na watu wasimzunguke. Usimnyweshe kitu hadi azinduke vizuri. Akitikisika mikono kwa sekunde chache, si lazima iwe kifafa. Usimtie kijiko mdomoni. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, weupe wa kuzimia hauonekani kwa urahisi usoni, hivyo tazama midomo, viganja na ndani ya kope. Asipozinduka upesi, au akilalamika maumivu ya kifua, apelekwe hospitali.

Na tafadhali, usikimbie mtaani kutangaza kwamba mtu amenyonywa damu. Habari za mumiani ni za zamani sana Afrika Mashariki. Enzi za ukoloni zilikuwapo hofu kwamba wazimamoto walikuwa wakiwakamata watu na kuwatoa damu. Mwanafunzi mmoja akianguka wakati wa kuchangia, uvumi wa namna hiyo unaweza kuwarudisha nyumbani mamia waliokuwa tayari, na anayeukosa msaada ni mgonjwa aliye kitandani.

Baada ya hapo

Sehemu ya maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Siku hiyo kunywa maji mengi, usinyanyue vizito kwa mkono uliochomwa, usiendeshe bodaboda kibiashara, usipande mawe wala ngazi. Mvuvi asiingie ziwani usiku huo, maana kizunguzungu kinaweza kuja saa kadhaa baadaye, na mtumbwini hakuna pa kuangukia. Ukikihisi njiani, keti chini hapohapo hata kama ni vumbini. Siku zinazofuata kula maharage, matembele, dagaa na maini, pamoja na matunda kama machungwa. Chai iwe mbali na mlo.

Mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Aliyezimia mara moja bado anakaribishwa, mradi aseme anapofika. Aliyezimia zaidi ya mara moja huenda akashauriwa apumzike kabisa, na akubali ushauri huo kwa moyo mweupe: siku ya kuchangia damu tunahitaji pia mtu wa kumsindikiza jirani mwoga, kumgawia maji na kumsogezea kiti kivulini.