Njaa, Msongo wa Mawazo na Vidonge vya Hamu ya Kula

Apitaye Mtaa wa Kongo au Barabara ya Msimbazi, pale Kariakoo, hukutana na bidhaa zenye ahadi mbili zinazopingana. Moja humwahidi mwembamba kwamba atanenepa kwa muda mfupi. Nyingine humwahidi mnene kwamba atapungua kwa muda huo huo. Mara nyingi bidhaa hizo hutembezwa mkononi au hupangwa mezani katika vikopo visivyo na jina la mtengenezaji. Zote hudai kwamba zinarekebisha hamu ya kula. Katika somo hili tunaeleza hamu hiyo inatoka wapi, ili mlaji ajue ni kitu gani hasa anachokilipia.

Njaa huanzia wapi

Tumezoea kusema kwamba tumbo ndilo linalodai chakula. Kwa kweli tumbo hutoa taarifa tu. Uamuzi hufanyika kichwani. Chini ya ubongo, sehemu ya katikati, kuna kiungo kidogo kiitwacho haipothalamasi. Kiungo hicho hupokea habari za mwili kwa njia ya neva na kwa njia ya homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na tezi na viungo mbalimbali, kisha zikasafirishwa na damu.

Homoni tatu zafaa kujulikana. Tumbo likiwa tupu hutoa ghrelini, inayoamsha njaa. Wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1999. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini hutoa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, mjini New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Kongosho nalo hutoa insulini, inayoiwezesha sukari ya damu kuingia katika seli, na ambayo pia huupelekea ubongo habari ya shibe. Habari hizi huhitaji muda kufika. Ndiyo maana alaye kwa pupa hushiba kabla hajajua kuwa ameshiba.

Msongo unapoingia

Tuchukue mfano wa mama mwenye meza ya nguo Kariakoo. Huamka saa kumi alfajiri, hupanda daladala kutoka Gongo la Mboto, na hufungua biashara akiwa amekunywa chai kavu tu. Kodi inadaiwa, marejesho ya mkopo yamefika, na mzigo haujauzwa. Mwili wake huyapokea madeni hayo kama ambavyo ungepokea hatari nyingine yoyote. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio na njaa hunyamaza. Hii ndiyo sababu mtu aliyeshtuka hawezi kumeza tonge.

Lakini wasiwasi ukidumu kwa siku nyingi, tezi hizo hizo huendelea kutoa homoni nyingine, kotisoli, kwa wingi kuliko kawaida. Kotisoli huusukuma mwili kuweka akiba, nayo kwa watu wengi huongeza hamu ya vyakula vyenye sukari na mafuta. Jioni ikifika, mama yule haoni kingine ila chipsi mayai na soda baridi. Chakula hicho huufanya ubongo utoe dopamini, kemikali inayotufundisha kukirudia kile kilichotupendeza. Akifanya hivyo kila siku yenye machungu, ubongo huunganisha machungu na chipsi, na baadaye harufu ya mafuta peke yake hutosha kumwita.

Usingizi nao una sehemu yake. Majaribio yameonyesha kuwa watu wanaolala saa chache kwa siku mfululizo huweza kupata ongezeko la ghrelini na upungufu wa leptini. Yaani sauti ya njaa hupanda na sauti ya shibe hushuka. Kwa hiyo tusiharakishe kumwita mtu mlafi. Wapo pia ambao msongo huwafunga kinywa kabisa wakakonda. Wote wawili, aliyenenepa na aliyekonda, ndio wateja anaowatafuta muuza vikopo.

Vidonge hivyo hufanya nini

Deksamethasoni, ambayo kwenye pakiti huandikwa dexamethasone, ni dawa halali na yenye manufaa makubwa inapotolewa na daktari, kwa mfano kwa uvimbe mkali au mzio mkali. Hufanya kazi kama kotisoli, lakini katika kutuliza uvimbe nguvu yake hukadiriwa kuwa takriban mara 25 ya ile ya mwili. Anayeimeza ili anenepe hujiletea homoni ya msongo kwa fedha yake mwenyewe. Hamu huongezeka, uso hujaa, mafuta hukusanyika tumboni na shingoni, huku misuli ya mikono na miguu ikinyauka. Sukari ya damu na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika, kinga ya mwili hupungua, usingizi hupotea, na tabia huweza kubadilika.

Liko jambo zito zaidi. Homoni inapoletwa kutoka nje kwa muda mrefu, tezi za adrenali hupunguza kazi yake. Mtumiaji akiacha vidonge ghafla, mwili hubaki bila kotisoli ya kutosha: hutapika, huishiwa nguvu, shinikizo la damu hushuka, na huweza kufa. Kwa hiyo, aliyekwisha kuvitumia kwa wiki kadhaa asiviache ghafla wala asiendelee kimya kimya. Aende hospitali na kikopo chake, aeleze ukweli, naye daktari atampunguzia dozi kwa utaratibu.

Siproheptadini, au cyproheptadine kwenye pakiti, ni dawa ya mzio. Huzuia histamini, na pia huzuia serotonini, kemikali ya ubongo ambayo miongoni mwa kazi zake ni kusaidia kuleta shibe. Njaa huongezeka, lakini pamoja nayo huja kusinzia, jambo la hatari kwa dereva wa bodaboda au mwendesha mashine. Matumizi ya dawa hizi mbili kwa ajili ya kunenepa yamechunguzwa na watafiti mjini Kinshasa, na tatizo hilo halikuishia huko.

Kwa upande wa kupunguza mwili ipo sibutramini, inayochezea kemikali za ubongo ili mtu ajisikie ameshiba. Iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Hata hivyo, katika nchi nyingi imekutwa imefichwa ndani ya chai na vidonge vilivyouzwa kwa jina la mitishamba.

Mlaji afanye nini

Kwanza, apime kabla ya kununua. Kukosa hamu ya kula na kukonda bila sababu huweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, maambukizi ya VVU au sonona. Mwenye kifua kikuu akinywa deksamethasoni bila tiba, huonekana amenawiri ilhali kinga inayomlinda inabomolewa. Zahanati iliyo karibu, au Hospitali ya Amana kwa wakazi wa Ilala, ndiyo mahali pa kuanzia.

Pili, asome. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi isinunuliwe, hata kama muuzaji ni jirani. Dawa za cheti zinunuliwe famasi kwa cheti cha daktari.

Tatu, ajue pa kulalamika. Dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vyakula na vipodozi, tangu mwaka 2019, vipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Atunze risiti na kikopo, kwa kuwa ndivyo ushahidi wake.

Nne, aanze na yale asiyouziwa na mtu. Mama wa meza ya nguo akipata uji au mayai asubuhi, na wali maharage na mchicha kwa mama lishe saa saba mchana, hatafika jioni akiwa hoi kwa njaa. Akiongeza saa moja ya usingizi, na akimweleza nduguye habari ya deni badala ya kulibeba peke yake, anaupunguzia mwili sababu za kutoa kotisoli. Mabadiliko hayo huja polepole na hayana picha za kuvutia za kubandikwa ukutani. Lakini akitaka kuyaacha kesho, hakuna tezi itakayokuwa imelala.