SOMO: USINGIZI WA KATIBU NA AFYA YA AKILI

Katika msimu wa ununuzi wa kahawa, katibu wa chama cha msingi hukesha akilinganisha stakabadhi na fedha. Hunywa chai kali asisinzie, kisha pombe apate kulala. Tabia hizi huidhuru akili. Nusu ya kafeini iliyomo katika chai hukaa mwilini kwa kawaida saa 5 hivi. Pombe nayo huleta usingizi upesi, lakini huukatiza usiku wa manane. Mtu mzima huhitaji kulala saa 7 au zaidi. Azikosapo siku nyingi, huwa mwepesi wa hasira, hukosea hesabu, na kwa hofu huweza kuficha upungufu. Yaipasa Kamati impatie msaidizi, na imjulie hali kabla ya kumtuhumu.

Swali la majadiliano: Katika chama chenu, ni nani humsaidia katibu msimu unapopamba moto?