Kupunguza Uzito: Mambo Yaliyotupata Kikundini

Masomo mengi tunayopeana ni ya kuongeza: kuongeza maziwa, kuongeza mavuno, kuongeza akiba. Leo tunataka kuzungumza juu ya kupunguza. Tutawaeleza jinsi baadhi yetu tulivyojaribu kupunguza uzito wa mwili, njia zilizotushinda, na kosa moja kubwa tulilomfanyia mwenzetu. Kosa hilo tunaliandika bila kuficha, ili ninyi msilirudie.

SIKU TULIYOPIMWA

Mwezi wa Februari 2022 tulimwalika muuguzi wa dispensari aje mkutanoni na mizani pamoja na mashine ya kupima presha. Siku hiyo tulikuwa watu 22, akina mama 17 na wanaume 5. Tulidhani ni mchezo. Tulipanga laini tukichekana, na kila aliyepanda mizani alishangiliwa kama ng'ombe wa maonyesho.

Kicheko kiliisha haraka. Saba kati yetu walikuwa na presha ya juu na hawakuwa na habari. Mweka hazina wetu, mama wa miaka 52 anayelea wajukuu watatu, alikuwa na kilo 94, na urefu wake ni mita 1.60. Muuguzi akamwuliza kama huwa anasikia kiu sana na kuamka usiku mara kwa mara kwenda chooni. Akajibu ndiyo, lakini yeye alidhani ni uzee. Alitumwa kituo cha afya, akapimwa damu, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Alipewa dawa, na akaambiwa apunguze uzito, aanze na kilo tano.

"Kilo tano tu?" tuliuliza. Muuguzi akatueleza kwamba mtu mzito akipunguza hata sehemu 5 hadi 10 katika kila sehemu 100 za uzito wake, mara nyingi presha na sukari huanza kushuka. Kwa mtu wa kilo 94, hizo ni kama kilo 5 hadi 9. Hakuna anayeambiwa awe mwembamba kama alivyokuwa msichana.

UZITO HUU ULITOKA WAPI?

Wengi tulisema, "Sisi ni watu wa shamba. Kunenepa ni shida ya watu wa mjini." Lakini uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kati ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49, mmoja katika kila watatu alikuwa na uzito uliozidi. Basi tukaketi tukahesabu mambo yetu wenyewe.

Zamani kila mama alipanda kutoka mtoni na mtungi wa lita 20 mgongoni, mara mbili kwa siku. Baadaye kikundi kikajenga matangi. Sokoni tulikuwa tunaenda kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Siku hizi tunapanda bodaboda. Hatujutii maendeleo haya, tuliyatolea jasho. Lakini kazi ya mwili ilipungua, na sahani ikabaki ile ile ya mtu aliyetoka mtoni.

Kisha tukahesabu sukari. Mmoja wetu alisema anakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 12. Kijiko kidogo kisichojaa sana hubeba kama gramu 4, kwa hiyo kwa siku ni gramu 48. Kwa mwezi ni karibu kilo moja na nusu ya sukari, inayoliwa na mtu mmoja! Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni vizuri mtu mzima asizidishe kama vijiko 6 kwa siku, pamoja na ile sukari iliyo ndani ya soda na keki.

Halafu mafuta ya kupikia. Wengi tulikuwa tunamimina tu kutoka kwenye mtungi mpaka jicho liridhike. Kumbe gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga au sukari. Mafuta tunayahitaji, lakini kidogo yanatosha.

Mwisho tulitazama mkutano wetu wenyewe. Kila tukikutana kuchanga pesa ni chai tamu, mandazi na chapati, na mwenye nyumba akikupakulia huwezi kukataa. Tulikuwa tunaweka akiba ya pesa kwenye kisanduku, na akiba nyingine tunaiweka kiunoni.

NJIA ZILIZOTUSHINDA

Watu kumi tulikubaliana kupunguza uzito pamoja na mweka hazina. Tulianza vibaya.

Wa kwanza aliacha kula asubuhi na mchana. Ikifika jioni anakula ugali wa watu wawili, tena kwa hasira. Baada ya mwezi alikuwa ameongeza kilo moja.

Wa pili alinunua dawa ya kienyeji sokoni, ati inasafisha mafuta. Aliendesha siku tatu mpaka akashindwa kusimama. Mizani ilionyesha amepungua kilo mbili, lakini yalikuwa ni maji ya mwili tu. Alipokunywa maji na kula vizuri, kilo zile zilirudi.

Wa tatu alijipikia chakula chake peke yake. Mzee wake akamwuliza, "Unataka watu waseme mimi sikulishi?" Watoto nao wakakataa kugusa sufuria yake. Wiki ya pili akachoka kupika mara mbili, akaacha.

Hapo tukaelewa jambo moja. Mwili ni wa mtu mmoja, lakini sufuria ni ya nyumba nzima. Kama nyumba haijakubali, mtu mmoja atashindana na chakula mara tatu kwa siku, na siku moja atashindwa.

KOSA LETU

Mweka hazina yeye alikaza mwendo. Alipunguza sukari kidogo kidogo, akatembea kwenda sokoni, na kufikia Julai alikuwa na kilo 87. Sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka, muuguzi akampongeza. Lakini nguo zilianza kumpwaya, na watu wakaanza kusema.

Ninyi mnajua jinsi tunavyomwona mtu aliyekonda. Wengi wetu tulizika ndugu na jirani katika miaka ile ya 1990, kabla ya dawa kupatikana, na mwaka 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Tulizoea kumwona mtu anapungua, halafu anazikwa. Woga huo haujatutoka. Leo dawa zipo, na wengi wanaoishi na virusi wana miili yenye afya. Huwezi kujua hali ya mtu kwa kumtazama. Lakini macho yetu yanahukumu bado.

Mwezi wa Agosti mweka hazina aliomba mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa. Zamu ilikuwa yake. Baadhi yetu tukakutana pembeni tukasema, "Huyu mama anaisha. Akienda, nani atatulipa?" Mkopo ukapewa mtu mwingine, na yeye tukamwambia pesa hazijatosha. Tulidanganya. Wengine kati yetu wanaoandika somo hili walikuwepo na walinyamaza.

Alijua. Shemeji yake alimfikishia yote. Hakugombana na mtu, hakuacha kuja mkutanoni. Alianza tu kula tena. Alirudisha vijiko vitatu kwenye chai, akala chapati jioni, ili mwili urudi na midomo ifungwe. Mwezi wa Oktoba alikuwa na kilo 91, na alikuwa na kidonda mguuni ambacho hakikuwa kinapona. Kwa mgonjwa wa sukari kidonda cha mguu si kitu kidogo, kinaweza kumfanya akatwe mguu.

Novemba alisimama mkutanoni, akasema, "Wenzangu, mimi nina ugonjwa wa sukari. Mlikuwepo nikipimwa. Nilipokuwa na kilo 94 nilikuwa mgonjwa na mkaniamini na pesa zenu zote. Nilipoanza kupona, mkaniogopa. Sasa niambieni, mnataka ninenepe nife, ama nipungue niishi?" Akaketi.

Hakuna aliyejibu kwa muda mrefu. Kisha mwenyekiti akasimama akaomba msamaha, na sisi wengine tukafuata mmoja mmoja. Mkopo wa kwanza uliofuata ulikuwa wake. Kidonda kilipona baada ya miezi mitatu ya kwenda dispensari kusafishwa, na mara nyingi mmoja wetu alimsindikiza.

NJIA ZILIZOTUSAIDIA

Kutoka siku hiyo tulifanya jambo hili kuwa la kikundi. Haya ndiyo tuliyoona yanafaa:

1. Anza na chakula cha mkutano. Sukari sasa inawekwa kando kwenye bakuli, kila mtu ajiwekee. Kilo nzima ya sukari kwa mkutano ikawa nusu kilo. Badala ya mandazi tunakula viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi au mahindi, na hakuna anayemlazimisha mwenzake kuongeza.

2. Punguza sukari polepole. Toka vijiko vitatu hadi viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja, kisha nusu. Ulimi unazoea. Wengi wetu sasa chai ya zamani tunaiona kama dawa ya kikohozi.

3. Gawanya sahani. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, terere, managu, kunde au kabeji. Robo iwe ugali, wali au chapati. Robo iwe maharagwe, ndengu, yai, samaki au nyama. Nyumba nzima inakula chakula kile kile. Kinachobadilika ni kipimo tu, na watoto wanaokua waongezewe.

4. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine. Chumvi nayo, jumla ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja kidogo.

5. Tembea. Dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki, kwa mwendo wa mtu anayewahi gari. Sisi tunakwenda sokoni wanne wanne kwa miguu, na mzigo ndio tunaupandisha bodaboda wakati wa kurudi.

6. Jipime mara moja kwa mwezi, siyo kila siku. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kuna miezi hutaona kitu. Usikate tamaa.

KIPIMO CHA KAMBA

Kama hamna mizani, chukueni kamba. Pima urefu wa mtu kutoka utosini hadi kisiginoni, kata kamba hapo. Ikunje mara mbili zilingane, kisha uizungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kujibana. Ncha zikikutana, ni vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na inafaa mtu huyo akapimwe presha na sukari. Wanaume pia wapimwe. Kile kitambi mnachokiita cha heshima, moyo hauna heshima nacho.

TAHADHARI

Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasianze kupunguza uzito bila kuongea na mhudumu wa afya. Anayetumia dawa za sukari, hasa sindano, asiruke chakula wala kubadilisha mlo wake bila ushauri, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Na mtu akipungua bila kujaribu, hiyo ni dalili. Inaweza kuwa kifua kikuu, sukari au ugonjwa mwingine. Msimseme. Mpelekeni akapimwe.

TULIPO SASA

Hatutaki kuwadanganya. Kati ya wale kumi, watatu waliacha na hawajarudi. Wanne wamepungua kilo 3 hadi 6. Wawili wako pale pale, lakini presha yao imetulia kwa kumeza dawa bila kuruka siku. Krismasi kila mmoja wetu huongeza kidogo, na Januari tunaanza tena. Mweka hazina alifika kilo 85 mwaka 2023, akarudi 86, na hapo amekaa. Bado si mwembamba. Lakini anapanda mlima wa kwenda sokoni bila kusimama njiani, na ng'ombe wake anakamuliwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika mikutano yenu mnakula nini? Hesabuni sukari na mafuta ya mkutano mmoja.

2. Je, kuna mtu kijijini kwenu aliyesemwa vibaya kwa sababu alipungua, au kwa sababu alinenepa? Maneno hayo yalimfanyia nini?

3. Ni kazi gani za mwili mlizofanya zamani ambazo hamfanyi tena? Mnaweza kuweka nini mahali pake?

4. Nyumbani kwako ni nani anaamua kiasi cha chakula? Utaongeaje naye?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja apimwe kwa kamba. Kisha alikeni muuguzi wa dispensari au mhudumu wa afya ya jamii aje apime presha. Majibu ya kila mtu yabaki kuwa siri yake, mpaka atakapotaka mwenyewe kuyasema.