Kutoka Posta hadi Kariakoo kwa Miguu

Mwenye shughuli benki pale Posta, Dar es Salaam, na bidhaa za kutafuta Kariakoo hufikiria bajaji kwanza. Kama mikono yako mitupu, achana nayo. Kati ya Sanamu ya Askari na soko ni kama kilomita mbili tu, na foleni ya mchana haina huruma. Nusu saa hivi ya mwendo wa kawaida inatosha.

Anzia kwa Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Singe ya sanamu hiyo inaelekea bandarini. Tazama inakoelekea, kisha shika Samora kwa mkono wa kulia. Huku watu huelekezana kwa majina ya majengo, kwa hiyo ukiuliza, taja jengo. Jumapili mtaa hupoa na maduka mengi hufungwa. Usipange shughuli siku hiyo.

Samora inakufikisha Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopata hadhi ya jiji. Hapa mgeni hujichanganya, maana Nkrumah inaonekana kama ndiyo Samora inayoendelea. Ukiifuata utatokea Gerezani. Wewe tafuta Mtaa wa Uhuru, na kama huna hakika muulize muuza magazeti au dereva wa bodaboda.

Uhuru inakuvusha Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na uwanja wazi wa Mnazi Mmoja ni hapo. Uwazi huo haukutokea kwa bahati. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Waingereza wakaacha eneo hili bila nyumba liwe mpaka. Historia imewasuta: ng'ambo tu ya uwanja, mtaa ambao leo ni Lumumba, chama cha kupigania uhuru, TANU, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 kwa malalamiko ya kodi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja kuwasikiliza hapahapa Mnazi Mmoja. Kama una simu ya kupiga au fedha za kupanga, fanya hivyo kabla ya kuvuka Lumumba. Hela ya matumizi madogo iweke mfuko wa mbele, nyingine ndani kabisa, na mkoba uuhamishie kifuani.

Ukishavuka, namna ya kuelekezana inabadilika. Majengo ni mengi na majina yake hayana msaada; watu hutaja kona, mtaa fulani na mtaa fulani, pamoja na bidhaa inayouzwa hapo. Kongo ni nguo, Aggrey ni simu na vifaa vyake. Wanaodai Kariakoo ni vurugu hawajaitazama vizuri. Mitaa yake imenyooka na kukatana tangu Wajerumani walipoipima, na ukishajua mitaa miwili mitatu hupotei tena. Kinachochanganya ni meza za wamachinga zilizofunika njia. Tembea kwa mwendo wa wenzako, na ukisikia “pisha mzigo!” sogea kwanza, geuka baadaye, kwa sababu mkokoteni hauna breki. Wabeba mizigo wana historia ndefu hapa: baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi eneo hili, na sanamu uliyoiacha Samora iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka wao pia.

Soko lenyewe, lenye paa la miavuli ya zege, lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati mkubwa.

Bei ya kwanza unayotajiwa ni salamu tu. Uliza maduka matatu kabla ya kutoa hela, na uliza bei ya jumla hata kama unataka vipande vichache. Mara nyingi vitatu vinatosha kupunguziwa. Dai risiti ya EFD na usome kiasi kilichoandikwa, kwa kuwa mnunuzi asiye na risiti naye anaweza kutozwa faini.

Ukilazimika kuvuka Msimbazi, njia ya mabasi ya mwendokasi iko katikati ya barabara na mabasi hayo hupita kuelekea pande zote mbili, hivyo angalia kulia na kushoto hata kama magari mengine yamesimama. Kurudi Posta na mizigo kwa miguu ni ubishi tu. Chukua bajaji, na mpatane nauli mizigo ikiwa bado chini.