Maji ya Bomba Nyumbani Mwetu

Watu wengi hudhani ya kuwa maji ya bomba ni salama, kwa kuwa ni maangavu machoni. Lakini bomba halisafishi maji. Huyaleta tu kama yalivyoingia. Na tuangalie habari ya miji miwili, tupate kujifunza.

Huko Ujerumani miji ya Hamburg na Altona ilipakana kando ya mto Elbe. Watu wa Hamburg waliletewa majumbani maji ya mto yasiyochujwa. Watu wa Altona waliyateka ya mto ule ule, tena chini ya Hamburg, ambapo taka za mji ule zilikwisha kuingia. Ila wao waliyapitisha polepole katika mchanga kwanza. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, na katika majuma machache watu zaidi ya 8,000 wakafa. Altona waliokufa walikuwa wachache sana kuliko hao. Ugonjwa ulienea hata mpakani, ukakoma hapo. Hewa ilikuwa moja na mto mmoja. Maji ya kunywa tu yalikuwa mbalimbali. Mganga Robert Koch, aliyetumwa na serikali, akaonyesha sababu hiyo wazi. Mwaka 1893 Hamburg nao wakaanza kuchuja maji yao.

Je, sisi? Siku hizi maji ya mijini mara nyingi huchujwa na kutiwa dawa ya klorini. Lakini maji yakatikapo, bomba lililopasuka huweza kuvuta uchafu wa udongoni na mitaroni. Nayo yarudipo, uchafu huo huja pamoja nayo. Kwa hiyo yaacheni yatoke kwanza mpaka yaangae, na hayo ya kwanza msiyanywe. Kisha chemsheni ya kunywa, yatokote dakika moja nzima. Milimani juu sana, dakika 3. Yapoe katika chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini, mkono usiguse maji. Maana maji yaliyofika salama huweza kuharibiwa mtungini.

Amri ya tano haikatazi upanga tu. Yatutaka tumlinde jirani katika mwili wake. Na jirani wa kwanza ni mtoto anayeomba maji nyumbani mwako.

Walimu, waulizeni wanafunzi: Kwa nini Altona walipona wengi? Nasi nyumbani tumefanya nini?