Dondoo muhimu: Siku za mwisho za likizo ya familia Japani

Siku mbili au tatu za mwisho ni vyema zitumike katika mji mmoja, ulio karibu na uwanja wa ndege wa kuondokea. Kwa familia inayoondokea Tokyo, uwanja wa Haneda umo ndani ya jiji. Narita uko takribani kilomita 60 kutoka katikati ya jiji, na treni ya haraka huchukua kama saa nzima.

Kinachochosha hasa ni masanduku. Japani ina huduma iitwayo takkyubin: sanduku huachwa mapokezi hotelini, karatasi ya anwani hubandikwa, na mzigo hukutwa uwanjani. Utumwe walau siku mbili kabla ya safari. Mzazi hubaki na begi la mgongoni na mkono wa mtoto, nafuu inayozidi kwa mbali ada inayolipwa. Katika treni ya mwendo kasi ya Tokyo hadi Osaka, sanduku ambalo jumla ya urefu, upana na kimo chake inazidi sentimita 160 huwekewa nafasi mapema.

Jioni watoto wakichoka, ghorofa ya chini ya ardhi ya maduka makubwa huuza wali, samaki na mboga vilivyopangwa vizuri kwenye vikasha. Karibu na saa ya kufunga, wahudumu huanza kubandika vibandiko vya punguzo.

Kabla ya kuondoka, kadi ya kawaida ya Suica, ile ya kulipia nauli za treni, hurudishwa Tokyo, si Osaka, na dhamana ya yeni 500 hurejeshwa. Sarafu zitumike zote: nje ya Japani, maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hupokea noti tu.